Nimeombwa niandike hadithi ya chui wa baba

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 44, mama wa watoto watatu, naishi Mbezi Beach. Marehemu baba alikuwa karani wa forodha bandarini. Mshahara wake ulikuwa wa kawaida, lakini nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na michoro na vinyago vingi kuliko viti. Mgeni akija mara ya kwanza aliuliza bei, akidhani tunauza. Kinyago kipya kikifika, baba alikitumbukiza kwanza kwenye ndoo ya maji. Kikizama, mpingo. Kikielea, ni mti mwingine uliopakwa kiwi, na kesho yake kilirudi kwa wachongaji wa Mwenge na maneno juu.

Alifariki mwaka 2019. Aliniachia vitu vyote 31 mbele ya kaka zangu wawili, kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyekuwa nikivifuta vumbi. Kuna vinyago 12 vya Kimakonde, ukiwemo ujamaa mmoja mrefu wa watu waliobebana, na kingine cha bundi ambaye wanangu wanamwogopa. Kuna michoro 19: tausi, kanga watatu chini ya mbuyu, mbuni, picha ya hospitali yenye wagonjwa wengi na nesi mmoja, korongo kwenye maji, na vingine. Na kati ya michoro hiyo kuna chui.

Chui ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba. Amechorwa kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi ya mraba, peke yake, anageuza shingo kutazama nyuma. Pembeni chini pameandikwa Tingatinga. Kila sikukuu baba alitusimulia jinsi alivyomnunua mwaka 1971 nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa mkono wa Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa uchoraji huo, kwa shilingi 15, akarudi Temeke kwa miguu kwa kuwa nauli ilikuwa imeishia kwenye picha. Kaka zangu wanaweza kuisimulia neno kwa neno.

Mwaka jana tulihamia nyumba mpya. Mume wangu ni mkandarasi. Alikwenda Nairobi kwa mteja wake, akakuta kuta zimepangwa picha mpaka akasahau kilichompeleka. Aliporudi akaajiri mshauri wa sanaa, binti wa miaka thelathini na kitu, msomi. Nilimpokea kwa shingo upande. Lakini miezi sita ya kwanza hakutununulia hata kitu kimoja. Alitupeleka Nafasi, kituo cha wasanii pale Mikocheni, tukaingia kontena moja baada ya jingine wachoraji wakiwa kazini, akatukataza kuuliza bei. Nyumbani alininyang'anya simu, akanikalisha mbele ya picha moja robo saa nzima. Nikaanza kuona vitu ambavyo nimevifuta vumbi miaka thelathini bila kuviona.

Kisha akaleta mpango wake. Anasema mkusanyo usio na wazo ni stoo yenye taa. Anataka tubakize vitu 12, tuuze 19, na fedha zake tununue kazi sita au saba kubwa za wachoraji wa sasa wa Afrika Mashariki, zote zikizunguka jambo moja: mwili wa mtu akiwa kazini. Nikizitazama sampuli zake nasisimka, sikufichi. Nikitazama orodha ya vitu vya kuondoka, tumbo linanikata.

Na wa kwanza kwenye orodha ni chui, kwa sababu mume wangu amesikia bei ambazo kazi za Tingatinga mwenyewe hufikia. Anasema chui peke yake atalipia mpango mzima.

Mshauri alimtazama chui kwa kioo cha kukuzia, akaniita nione. Rangi ya chini ina nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Ile rangi nyeupe ya sahihi imeingia ndani ya nyufa. Maana yake, alisema, jina liliandikwa baada ya picha kuzeeka. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba bila historia ya umiliki hatumpeleki popote, akaniomba niandike hadithi ya baba, niisaini, iambatane na picha.

Usiku ule nilirudi na tochi ya simu. Shangazi, ile g niliijua. Mkia wake unavutwa kushoto, halafu unakatwa kwa ndoano ndogo. Ndiyo g ya kwenye ripoti zangu zote za shule: "Ongeza bidii, mwanangu."

Sijamwambia mtu. Mume wangu akijua atasema mzee alikuwa tapeli. Kaka zangu watasema namchafua marehemu. Nikiandika hadithi kama tulivyosimuliwa, kuna mtu mahali fulani atatoa fedha zake kwa neno langu. Nikikataa, wataniuliza sababu. Mshauri anataka karatasi kabla ya mwisho wa mwezi. Niandike au nisiandike?

Binti wa Forodha,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Miaka imepita, lakini msiba wa mzazi hurudi upya kila mtu anapogusa vitu vyake, na wewe umeguswa penye chui.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi. Unaniuliza uandike au usiandike. Mimi naona mambo yamesukwa humo kama ukili: kuna ile g na baba yako, kuna mumeo na fedha, na kuna huyu binti mshauri, ambaye nilianza kusoma habari zake nikiwa tayari kumchukia na nimemaliza nikitamani anialike Mikocheni. Ukiyafumua moja moja, huenda swali lako litabadilika sura.

Nianze na nyufa, maana hapo ndipo naona umekimbia mbele ya ushahidi. Rangi iliyoingia kwenye ufa inasema sahihi ilikuja baadaye. Haisemi chui alichorwa na nani. Hayo ni mambo mawili. Picha isiyo na jina inaweza kuwa ya fundi mkubwa, na mtu akaja kuiandika jina miaka mingi baadaye kwa sababu anajua aliinunua kwa nani na hataki wajukuu wasahau, kama tunavyoandika majina nyuma ya picha za harusi. Wewe mwenyewe umenieleza: hadibodi ya mraba, rangi za baiskeli, mnyama mmoja peke yake. Hizo ndizo kazi za mwanzo zilivyokuwa, kabla picha hazijahamia kwenye kitambaa ambacho mtalii anaweza kukikunja na kuondoka nacho. Sisemi ni yeye. Wanafunzi wake walitumia mbao zile zile na rangi zile zile. Nasema tu kwamba ufa hauwezi kukujibu yote uliyouliza usiku ule kwa tochi ya simu.

Sasa g yenyewe. "Niliijua," umesema, na mtoto anaujua mwandiko wa baba yake. Hata hivyo kizazi chake kilifundishwa kuandika kwa fimbo, na hasa wale wa shule za misheni walitoka na mwandiko mmoja. Marehemu shangazi yangu na karani wa parokia yake waliandika barua ambazo ungedhani ni za mkono mmoja, g zote zikiwa na mkia na ndoano. Na hiyo ya kwako imeandikwa kwa brashi, ambayo humvuruga hata mwenye mwandiko wake.

Lakini tuseme ni yeye. Tuseme baba yako alichukua kopo la rangi nyeupe, akainama mbele ya chui, akaandika. Aliandika nini? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora kwa miaka kama minne tu, kuanzia 1968 mpaka 1972 alipopigwa risasi na polisi hapo hapo Dar waliomdhania mhalifu. Aliowaachia brashi waliendelea, wakafundisha wengine, mwaka 1990 wakaunda ushirika, na jina la mtu likawa jina la mtindo. Leo ukimwambia mtoto "tingatinga", kama hakuwaza greda la kubomolea nyumba, atawaza picha ya rangi kali, haijalishi nani kaichora. Kwa hiyo mtu akiandika neno hilo pembeni ya picha, anaweza kuwa anaandika jina la mchoraji, au anaandika aina, kama muuza mchele anavyoandika "Kyela" kwenye gunia. Na sote tunajua si kila gunia limefika Kyela.

Halafu kuna ndoo. Ndoo ile imenikaa kichwani. Mtu anayetumbukiza kinyago majini kabla ya kukipa nafasi ukutani si mtu anayechezea halisi na feki. Kwa upande mwingine, nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu mkali juu ya mpingo anaweza kuwa mlegevu juu ya hadithi, hasa hadithi inayosimuliwa usiku wa sikukuu mbele ya watoto. Mwaka wa kwanza alimnunua chui pale Morogoro Stores. Mwaka wa tano alimnunua kwa jamaa wa Tingatinga. Mwaka wa kumi kwa Tingatinga mwenyewe, na nauli ikaisha. Hakuna siku mtu alikaa chini akaamua kudanganya. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nakuuliza tu kwa nini neno la kwanza lililokujia ni "tapeli", na kwa nini umeliweka mdomoni mwa mumeo. Amelisema? Au umemsemea?

Tuje kwenye karatasi. Historia ya umiliki inasikika kama jambo la kitaalamu, lakini ni maneno ya watu kama wewe yaliyowekewa saini. Karatasi hiyo husafiri na picha. Chui akiuzwa Nairobi leo, akauzwa tena Ulaya au Japani baada ya miaka ishirini, jina lako litakuwa nyuma yake, na mtu usiyemjua atalisoma kabla ya kutoa fedha. Kazi za mtu aliyechora miaka minne tu ni chache, wanaozitaka ni wengi, na ndiyo maana za kughushi zipo na wanunuzi wameshachomwa. Watauliza maswali.

Ila kuna njia nyingi za kuandika. "Baba yangu alimnunua chui huyu kwa Edward Tingatinga mwaka 1971" ni sentensi moja. "Baba yangu alitusimulia kwamba alimnunua" ni nyingine. "Nimemwona ukutani kwetu tangu nikiwa na miaka mitano" ni ya tatu, na hiyo unaweza kuisaini ukiwa umelala. Unaweza pia kuongeza yale uliyoyaona kwa tochi. Kila sentensi ya kweli utakayoongeza huenda ikashusha bei, na hapo mpango wa mumeo wa kumlipisha chui kila kitu utayumba. Hilo si dogo. Mwenye mahesabu ya ujenzi kichwani hapendi nguzo iondolewe katikati ya kazi. Ukiiandika kama mlivyosimuliwa, nyumba itatulia mwezi huu, nawe utabaki unaisubiri simu ambayo huenda isipigwe kamwe.

Unaweza kumtoa chui kwenye orodha. "Huyu hauzwi" ni neno zima, na mrithi ni wewe. Lakini sababu utaulizwa, na ukitoa sababu ya uongo utakuwa umehamisha tu mzigo kutoka begani kwenda kichwani. Unaweza kuanza na mshauri faraghani, maana ameshaonyesha kwamba anajua kuona bila kulaumu. Kumbuka tu kwamba mwajiri wake ni mumeo, na si haki kumtwika binti wa watu siri ya ndani ya ndoa. Na unaweza kutafuta jicho la mtaalamu aliyewachambua wachoraji wa mwanzo mmoja mmoja, atenganishe mkono wa mwalimu na wa wanafunzi. Hapo uwe tayari. Jibu likija haliwezi kurudishwa, na huenda likawa jema kuliko unavyoogopa, au likamaliza hadithi ya sikukuu kwa kaka zako pia. Je, wao wasingependa kuulizwa kwanza? Huenda mmoja wao alimwona baba na lile kopo la rangi na amenyamaza miaka yote, kama wewe.

Kuhusu mshauri wako. Anachokufundisha ni kazi yenyewe, na wengi wanaojiita washauri hawaifanyi: kukaa miezi sita bila kununua, kukataza bei, kukukalisha mbele ya picha robo saa. Anajua kwamba mikusanyo mingi ya wenye uwezo inafanana kwa sababu wote wamenunua yale yale, mahali pale pale, wakiwa na haraka ile ile. Anataka wako usifanane na wa mtu. Hapo niko naye.

Nina maswali mawili ambayo ningependa umuulize, kwa upole, chai ikiwa mezani. Moja ni la malipo. Hukuniambia analipwaje. Wengi wa fani hiyo huchukua asilimia ya kila kinachonunuliwa, na wengine ya kinachouzwa pia. Ukiuza 19 na kununua saba, analipwa mara ngapi? Na mchoraji au galeri anayeuza, humpa chochote? Hakuna dhambi mtu kulipwa kwa jicho lake. Ila lazima ujue jicho hilo linalipwa na nani, na mshauri mwema hachukii kuulizwa; mara nyingi ana jibu lililoandikwa.

Swali la pili linahusu wazo. Anasema vitu vya baba yako havina wazo, ni stoo. Nilikuambia nilisoma na kalamu. Umenitajia vitu vinane kwa jina. Tausi. Kanga watatu. Mbuni. Korongo. Bundi. Vitano kati ya vinane ni ndege, na wewe hukusema neno lolote juu ya hilo. Karani wa forodha anayeshinda akihesabu mizigo inayokuja na kuondoka, jioni anarudi Temeke na ndege mwingine chini ya kwapa. Sijui alikuwa anatafuta nini. Huenda ni bahati tu. Wachoraji wa Tingatinga wanapenda ndege, na soko linawapenda zaidi. Lakini kabla hujakubali kwamba mkusanyo ule hauna wazo, uhakikishe kwamba lililokosekana si mtu wa kuliona.

Kule New York kulikuwa na mume na mke, Herbert na Dorothy Vogel. Mume alipanga barua posta, mke alikuwa mkutubi. Walikula mshahara wa mke, wakanunua sanaa kwa mshahara wa mume, kwa masharti mawili: bei waimudu, na kitu kienee kwenye nyumba yao ndogo ya kupanga. Walifikisha kazi zaidi ya 4,000, na mwaka 1992 jumba la sanaa la taifa la Marekani lilianza kuzipokea. Hawakuwa na mshauri. Nakutajia si ili umfukuze wako, ila kwa sababu naona kwenye barua yako umemweka baba upande wa mapenzi na huyu binti upande wa akili, na kwa wale wawili vitu hivyo vilikaa chumba kimoja bila kugombana. Wewe mwenyewe umekiri unasisimka ukiona sampuli zake. Kwa nini msisimko huo uwe usaliti? Mtu akazaliwa na baba mpenda ndege, akaja kupenda picha za watu wenye jasho. Zote ni zako.

Na kinyume chake ukitazame pia. Ukibakiza vyote 31 kwa sababu tu vilikuwa vya marehemu, nyumba yako itakuwa ya kwake, na wanao wataurithi mzigo wa babu yao bila kujua wewe uliitazamaje dunia hii. Mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya, Joseph Murumbi, alikusanya maisha yake yote: vitabu, stempu, vitambaa, vinyago. Aliiuzia serikali yake badala ya kuviachia viende nje, akiwa na ndoto kwamba hata nyumba yake ya Muthaiga itakuwa kituo cha masomo. Vitu vingi vipo, Wanairobi huvitazama mpaka leo. Nyumba ilibomolewa angali hai. Mkusanyaji hapangi yote.

Mwisho wa mwezi ni tarehe ya mshauri. Si yako. Ukimwambia "nipe muda, nataka kuongea na kaka zangu kwanza," sioni atakachopoteza ambaye alisubiri miezi sita bila kununua kitu. Kwa mumeo ni tofauti. Yeye amekwisha hesabu fedha, na kila wiki unayonyamaza hesabu inazidi kukomaa kichwani mwake. Huhitaji kumpa hukumu ya baba yako. Unaweza kumwita, ukampa kile kioo cha kukuzia, ukamwonyesha ufa na rangi nyeupe, ukanyamaza, ukasikia atakachosema yeye badala ya kile unachodhani atasema.

Kabla ya hayo yote, nina ombi. Ulimtazama chui usiku, peke yako, moyo ukikudunda. Mtoe ukutani mchana mmoja, mweke dirishani kwenye mwanga, uitafute ripoti yako ya shule, uiweke pembeni yake. Mgeuze pia nyuma. Hukuniambia nyuma pana nini, na watu wa fremu watakuambia mara nyingi mambo yako huko. Kisha niandikie, hata kama utakuwa bado hujaamua. Na uwahesabu wale ndege wote, mpaka waliojificha kwenye picha ya hospitali.

Shangazi yako